Fundi Anayetafuta Wasiojua Kushona

Saa tatu asubuhi chumba cha mbele kimeshajaa. Watu sita wamebanana kwenye mabenchi mawili, kila mmoja na kipande cha shuka kuukuu mapajani, na Fundi anapita katikati yao, mkasi ukining'inia shingoni kwa utepe.

"Acheni mdomo," anasema.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akimnong'oneza jirani yake ananyamaza ghafla, uso umemshuka. Wenzake wanaangua kicheko. Ni mgeni, hajui. Mdomo anaousema Fundi ni ule uwazi mdogo unaoachwa kwenye mshono wa mto, ili mtu aweze kuugeuza ndani nje na kuujaza mabaki ya vitambaa. Anayeanza husahau. Hushona pande zote nne kwa furaha, kisha hubaki ameukodolea macho mto usiogeuka.

Kwa neno hilo mtaa mzima unamwita Fundi Mdomo, ingawa mwenyewe ni mtu wa maneno machache sana.

Anafundisha vitu vyepesi: foronya ya shuka iliyochanika katikati, vishikio vya sufuria vya taulo lililochakaa, mfuko wa sokoni wa mguu wa suruali. Vitambaa anapewa na mafundi wenzake ambao wangevitupa. Ada yake haifiki mbali, na wengine humlipa kwa mkaa au kipande cha sabuni.

Kuna jambo moja linalomshangaza kila anayeingia hapa mara ya kwanza. Mwalimu huyu hafurahii kazi nzuri.

"Mshono ulionyooka hauna faida kwangu," anasema, na wala hatanii. "Nyinyi pindisheni tu. Mwenye kazi yake yupo."

Mwenye kazi yake amekaa karibu na dirisha. Ni mama yake mzazi, aliyekuwa fundi tangu ujana wake, kabla ugonjwa wa kusahau haujamvamia. Amesahau majina ya wanawe. Amesahau kwamba mumewe alishafariki, na akiambiwa hulia upya kama ndiyo kwanza anapata habari, kwa hiyo siku hizi haambiwi. Cherehani aliyoishi nayo maisha yote anaipita kama meza ya watu wengine.

Kilichobaki mikononi mwake ni kufumua.

"Ndivyo alivyonifundisha," ananieleza Fundi. "Ukikosea hakugombezi. Anafumua mshono wote polepole, anakurudishia kipande. Nilikuwa namchukia kwa hilo, sikufichi."

Ugonjwa ulipoanza, Fundi alikuwa amepata tenda ya sare za shule, kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Asubuhi moja aliamka akakuta pindo za sketi zimefumuliwa zote, sketi zimekunjwa vizuri, na mama yake amekaa kando yazo ameridhika.

"Nilicheka kwanza. Halafu nikakaa chini nikalia," anasema. Mwenye tenda hakuwa na muda wa kusubiri. Akachukua vitambaa vyake akaenda navyo.

Basi akaficha kila kitu chenye mshono. Hilo likawa kosa kubwa zaidi. Mama alipokosa cha kufumua alifungua mlango akatoka, na walimtafuta mpaka jioni. Alipatikana kituo cha basi, ameshika mkono wa shati la mwanamume asiyemjua, anavuta uzi wa mshono.

"Yule baba alikuwa mstaarabu. Basi lake lilikuwa limeshaondoka, yeye bado amemnyooshea mkono," anasema Fundi.

Ndipo alipopata wazo la kufundisha wanaoanza, na wanaoanza tu. Mwanafunzi akishaiva, Fundi humshukuru, humsindikiza mlangoni, na hutafuta mwingine asiyejua hata kutunga uzi kwenye sindano. Kila kazi mbovu hupelekwa dirishani. Mama huifumua, vipande hupigwa pasi, na darasa linalofuata hushona vipande hivyohivyo. Vingine vimeshatobolewa na sindano hadi vimekuwa kama chujio.

Mwanafunzi aliyependwa kuliko wote na bibi huyo ni mlinzi mmoja mstaafu. Wenzake walimbandika jina la Kona, kwa sababu mshono wake ulikata kona hata mahali pasipo na kona. Kazi yake moja ilimtosha bibi kutwa nzima.

Leo Kona amekuja na mfuko alioutengeneza nyumbani kwa suruali yake ya zamani ya kazini. Anauinua juu. Mshono umenyooka, umebana, na kishikio kimeshonwa mara mbili. Darasa linapiga makofi.

"Hongera, mzee wangu," anasema Fundi. Lakini macho yake yako dirishani.

Hakuna kazi nyingine iliyokamilika asubuhi hii. Kona mwenyewe anaelewa, anaupeleka mfuko kwa bibi na kuuweka mapajani kwake. Bibi anaupapasa. Kucha yake inatafuta pa kuingilia, inateleza, inarudi, inateleza tena. Anajaribu kwa muda mrefu, na chumba kizima kinajifanya kinashona.

Kisha anauacha. Anautazama mlango.

"Mimi naenda nyumbani," anasema.

"Si mfuko tu," Fundi ananinong'oneza. "Tangu wiki iliyopita hata mishono mibovu inamshinda. Muuguzi alinionya. Aliniambia mikono ndiyo husahau mwisho. Mimi nikasikia hilo neno mwisho, nikadhani ni mbali."

Kufuli ameshanunua. Liko kabatini, hajalifunga mlangoni.

"Mama aliyenizaa nimfungie kama kuku?" anauliza.

Anavuta kiti, anakaa kwenye cherehani. Analegeza uzi, anaweka hatua ya mshono ndefu kuliko zote, na kuanza kushona vipande viwili vya shuka ovyo ovyo. Mikono yake inakataa. Mara mbili mshono unanyooka wenyewe, naye anaukata kwa hasira na kuanza upya. Ni vigumu kumtazama.

Namuuliza anatarajia nini baadaye. Anasema wiki ijayo ataanza darasa jipya, na amewaomba majirani wamletee mtu yeyote ambaye hajawahi kushika sindano, hata mtoto. Na yeye mwenyewe atakuwa anashona hivi kila siku, atalegeza uzi zaidi na zaidi kadiri mikono ya mama inavyochoka.

"Kupona nimeshaacha kuomba," anasema. "Naomba na kesho anikosoe."

Anampelekea mama kile kipande. Bibi anakigeuza, anakunja uso. Kidole kinaingia chini ya uzi, uzi unatoka.

"Nani kakufundisha kushona ovyo namna hii?" anamuuliza mwanawe.

"Mama yangu."

"Mwambie hajui kazi."

"Nitamwambia," anajibu Fundi.