Kikohozi cha Baraka

Asubuhi ile nilikuwa nafua sare ya kiwandani ya mdogo wangu, Odhiambo. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, jua limetoka ghafla, na wanawake wa laini yetu, vyumba vya wafanyakazi wa shamba la chai upande wa Litein, walikuwa wote nje na mabeseni. Odhiambo alikaa mlangoni na rafiki yake Baraka wakibishana juu ya matokeo ya kura. Baraka alikuwa na pumu, akicheka sana alikohoa. Siku hiyo alicheka sana.

Wazazi wetu walitoka kule ziwani, lakini sisi tulizaliwa hapo hapo kwenye laini. Sikujua kwamba ingefika siku ya kuulizwa kwetu ni wapi.

Mchana tuliona moshi upande wa sokoni.

Kisha filimbi.

Jirani yetu Mama Chebet, Mkipsigis, mwenyeji wa pale, mwenye shamba dogo ng'ambo ya ua, alinivuta mkono. "Ingia kwangu. Usiongee kabisa. Wakisikia lafudhi yako, tumekwisha wote."

Nililala chini ya kitanda chake. Odhiambo na Baraka walikimbilia kwenye michai.

Nilisikia miguu mingi. Nilisikia mtu akipiga kelele mara moja.

Jioni Odhiambo alirudi peke yake.

"Baraka yuko wapi?"

"Wamemuua."

Hakusema zaidi. Hakusema zaidi kwa miaka tisa.

Chang'aa alianza kunywa tukiwa kambini, kwenye mahema ya waliofukuzwa makwao. Tuliporudishwa kazini, alikunywa kabla ya zamu. Aliziba masikio kwa viganja akisema, "Nyamaza, ndugu yangu, nyamaza." Mkewe, aliyemwoa tuliporudi laini, alivumilia kadiri alivyoweza, kisha akamchukua binti yao akaenda kwao. Nilipomuuliza Odhiambo ana nini, alinijibu kama mtu anayeeleza jambo la kawaida.

"Dada, Baraka bado anakohoa. Nikinywa, ananyamaza."

Nilimpeleka hospitali. Daktari wa magonjwa ya akili alinusa pumzi yake, akafunga faili. "Mama, huyu ni mlevi. Aache pombe kwanza, halafu umlete."

Nikampeleka kituo cha kurekebisha walevi. Msimamizi aliuliza kama anasikia sauti. Sikutaka kudanganya, nikasema ndiyo.

"Sisi kazi yetu ni pombe," akasema. "Kichwa kikipona, tutampokea."

"Hospitali wanasema pombe kwanza, nyinyi mnasema kichwa kwanza. Nimkate vipande viwili?"

Alifunga geti.

Kituo kingine kilimpokea, kikamnyang'anya hata vidonge vya kutuliza nilivyomnunulia duka la dawa, kwamba vidonge navyo ni ulevi. Walimkatiza pombe ghafla, bila daktari. Siku ya tatu alianguka, mwili ukimrukaruka, akauma ulimi. Waliniita nije nimchukue. Nilimkuta sakafuni, hajafunikwa hata shuka.

Vijana wa mishale waliotuvamia siku ile nilijua wamekuja kutuua. Hawa wengine walikuwa na vyeti ukutani, wakaniita mama, wakanirudisha nyumbani na mgonjwa wangu mwaka baada ya mwaka. Naambiwa nisamehe. Hao wa mishale nimejaribu.

Aliyemsikiliza alikuwa Sista Chepkoech, muuguzi wa hospitali moja upande wa Bomet. Hakuuliza anakunywa kiasi gani. Aliuliza, "Ulianza lini?"

"Kambini."

"Na kabla ya kambi kulitokea nini?"

Odhiambo aliangalia mikono yake. Kisha akasema, mimi nikisikia kwa mara ya kwanza.

Walikuwa wamelala chini ya michai. Watu wale walikuwa hatua chache tu. Pumu ikambana Baraka.

Odhiambo akamziba mdomo kwa kiganja.

Baraka akakohoa.

Watu wakasimama.

Baraka akautoa mkono wa rafiki yake taratibu, akainuka, akakimbia kuelekea mtoni ili wamfuate yeye. Wakamfuata.

Sista alifuta macho bila kuficha. "Hiki ni kidonda kimoja," akasema. "Nani aliwaambia ni viwili?"

Alimtafutia kitanda wodini. Pombe ilimtoka mwilini polepole, daktari akimwangalia, na dawa ya kichwa akaanzishiwa siku hizo hizo. Kila Jumanne alikaa na Sista wakazungumza. Aliteleza mara moja, akarudi kunywa. Hawakumfukuza.

Alipopata nguvu aliniambia, "Dada, nataka kwenda kwa kina Baraka. Mama yake hajui alivyokufa."

Tulikwenda. Dada yake Baraka alitupokea, akatuonyesha kaburi la mama yao nyuma ya nyumba. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

"Aliuliza mpaka mwisho," dada yule akasema. "Alitaka tu kujua kama mtoto wake alikimbiwa na wenzake."

Odhiambo alipiga magoti akasimulia yote, hata habari ya kiganja chake mdomoni. Dada wa Baraka alimsikiliza hadi mwisho, akamshika bega.

Odhiambo hajanywa tangu hapo. Binti yake anampigia simu siku za sikukuu, humwita kwa jina, si baba. Watu wananiambia nishukuru. Namshukuru Sista Chepkoech, na Mama Chebet. Lakini mama yake Baraka alikufa na swali lake, na miaka yote hiyo aliyekuwa na jibu alikuwa nje ya geti, akiambiwa arudi akishapona.