Kalamu ya Mwalimu Honorata

Mwalimu Honorata alistaafu miaka minne iliyopita, lakini mkono wake haujapata habari. Alisahihisha madaftari ya watoto wa Same kwa miaka thelathini na mitatu, na hadi leo akiletewa kadi ya harusi huitafuta kalamu nyekundu. Alinifundisha darasa la nne. Juzijuzi nilimtumia ujumbe wa simu, akanirudishia uleule ukiwa umesahihishwa.

Sasa mimi nasimamia kituo cha mitihani cha chuo kikuu kimoja cha elimu masafa, na balaa nilijitafutia mwenyewe: nilimwomba awe mwandishi wa Hamidu.

Hamidu ni kijana wa Ndungu, mtoto wa wakulima wa mpunga, anasoma shahada ya Kiswahili. Surua ilimpofusha akiwa na miaka mitano. Chuoni ana haki ya chumba cha peke yake, mtu wa kumsomea maswali na kuandika majibu anayoyatamka, na nusu saa ya ziada. Haki hizo zipo kwenye karatasi. Kuzipata ndiyo shughuli. Kila muhula makao makuu hudai cheti kipya cha daktari kuthibitisha kwamba Hamidu bado haoni. Bado! Nimeandika barua, nimepiga simu, najibiwa kwamba ndivyo mfumo unavyotaka. Kompyuta inayosoma kwa sauti tuliahidiwa mwaka juzi. Ipo njiani, nadhani inakuja kwa miguu.

Mwongozo ndio uliowahi. “Mwandishi aandike anachotamka mtahiniwa. Asiongeze, asipunguze, asitikise kichwa.” Mwalimu Honorata aliusoma miwani ikiwa puani, akaniuliza, “Sadock, nimtikisie kichwa mtu asiyeona ili iweje?”

Muhula wao wa kwanza ulipita salama. Mtihani wa mwisho ulikuwa Novemba. Hamidu akifaulu huo, anahitimu, na kuna shule karibu na kwao ilishamwahidi kazi ya kufundisha kuanzia Januari.

Swali la tatu lilikuwa la alama ishirini: eleza jinsi Kiswahili kilivyosanifishwa. Hamidu akatamka bila wasiwasi, “Lahaja iliyoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ni Kimvita.”

Kalamu ikasimama.

Nilikuwa nimekaa mlangoni, namwona Mwalimu vizuri. Hakusema neno, kichwa hakikutikisika, lakini mkono uligoma. Ni Kiunguja, nani asiyejua? Hamidu naye aliinamisha uso. Nikamwomba Mungu kijana aseme, “Samahani, futa hilo.”

“Andika, Mwalimu,” alisema taratibu. “Kimvita.”

Akaandika. Hamidu akaijenga hoja yote juu ya hicho Kimvita, ukurasa mmoja na nusu, huku Mwalimu akihema kama anayepandisha gunia la mahindi kwao Kighare, milimani.

Alipata thelathini na nane. Kufaulu ni arobaini, na ile kazi ya Januari ikaenda kwa mwingine.

Siku Hamidu alipokuja kuchukua fomu ya kurudia mtihani, Mwalimu alikuwa ofisini kwangu tangu saa mbili asubuhi, amekunja uso.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Kimvita, Hamidu? Kimvita?”

“Nilichanganya, nilikuwa nimechoka. Nilikumbuka palepale.”

“Ukakumbuka palepale, ukaniacha niandike upuuzi?”

“Nilikumbuka kwa sababu kalamu yako ilisimama. Huwa naisikia. Muhula uliopita ilisimama mara tatu, nikabadili mara tatu, nikapata A. Ile A mpaka leo naona si yangu. Kule Ndungu wanasema mimi naandikiwa tu. Safari hii nilitaka wawe waongo.”

Mwalimu Honorata aliketi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na cha kusahihisha. Mimi niliumia kwa wote wawili, na nikawachukia makao makuu zaidi.

Nilipiga simu nikaomba mwandishi mwingine. Wakasema inawezekana, nijaze fomu, niambatanishe cheti cha daktari kwamba bado haoni. Nikakata simu kabla sijatukana. Isitoshe, Hamidu mwenyewe alikataa katakata. Alisema hakuna mwingine anayemsomea swali kama lilivyoandikwa.

Basi jioni zangu zimekwisha. Natoka kazini nimechoka, naketi kibarazani kwa Mwalimu kumsomea uongo, naye anauandika ili mkono uzoee. Same ipo Mkoa wa Tanga. Jua huchomoza magharibi. Mpunga haupendi maji. Kalamu ikisimama tunaanza upya, na wiki ya kwanza tulianza upya mpaka nikatamani kulia.

Jana aliandika sentensi kumi na mbili mfululizo, mkono unateleza tu. Nikaona nimtanie kidogo, nikamtamkia ya kumi na tatu:

“Mwalimu Honorata hajawahi kumkosea mwanafunzi.”

Kalamu ikasimama.

“Tuanze upya, Sadock,” alisema.