Msimamizi wa Tahadhari za Mto

Msimamizi wa programu ya simu tunayoiendesha kwa kujitolea, inayowatumia wakulima wa Bonde la Kilombero tahadhari za mafuriko, hufuta viganja kwenye kitenge chake kabla ya kugusa kompyuta. Husoma kila mstari wa msimbo kwa kunong'ona, kisha hutuuliza jambo lile lile mara mbili, kana kwamba jibu la kwanza linaweza kugeuka akiwa hatazami. Radi ikinguruma upande wa Udzungwa, hunyamaza katikati ya sentensi. Leo ilimpasa kuzima toleo la simu za zamani, kwa sababu lina tundu la kiusalama ambalo mhuni yeyote anaweza kulitumia kutuma tahadhari za uongo.

"Dada, zima tu," mwenzetu Deus alimtania. "Hata bibi yangu siku hizi ana simu ya kupangusa."

Alizima. Lakini mkono haukutulia mezani. Ulichukua simu na kumpigia Mama Levina, mkulima wa kijiji cha Mofu, huku sote tukisikiliza.

"Shikamoo, mama. Mko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Tumeshahamia shambani, tunalala kwenye dungu tulinde mpunga. Na kisimu changu ni kile kile cha zamani. Maji yakija, si mtatuambia?"

"Nitakupigia mimi mwenyewe, mama."

Alipokata, aliikumbatia simu kifuani, akatugeukia.

"Na hao wengine wote waliolala kando ya mto," aliuliza, "watapigiwa na nani?"