Kopo la Grisi la Papa

Jumatano ile papa, baba yangu, alipoanguka kwenye mlima wa kuelekea Lac Vert, hakulia wala hakutukana. Alikaa tu kando ya barabara, mguu mmoja umenyooka mbele, akaitazama baiskeli iliyokuwa imelala juu ya mawe meusi. Lori lililotaka kumkanyaga lilikuwa limeshapita likipiga honi. Mimi niliruka kutoka kwenye pikipiki iliyonibeba nyuma yake, nikamkimbilia, naye akaniambia bila kunitazama:

"Mara moja tena. Ikiniangusha tena, mutaipeleka kwa batu ba vyuma vikuukuu. Na miye nitarudia ku kitanda yangu."

Namjua papa. Neno lake likishatoka halirudi, na kitanda alichokitaja nakijua pia. Alikuwa amekaa juu yake miaka miwili akiwa amegeukia ukuta.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa chukudu. Hilo ndilo gari letu la mbao, la magurudumu mawili, halina pedali wala kiti. Mwenyewe hupiga goti moja juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili. Papa alishuka nalo kutoka Kibumba, mwaka hadi mwaka, na viazi na kabichi vilivyopangwa kumzidi urefu, akifunga breki kwa unyayo. Sisi watoto tulisoma na kula kwa chukudu lile. Halafu siku moja ya mvua mzigo ukamshinda kwenye mteremko, ukamwangukia kiunoni, na nyonga yake ya kushoto haikurudi tena kuwa nyonga. Hawezi kutanua miguu apande pikipiki. Kwa fimbo mbili anatoka mlangoni hadi chooni, basi.

Baiskeli yenyewe ilitoka kwa mzungu mmoja niliyekuwa nikimshonea nguo. Alipoondoka Goma kwa haraka aliniachia kama mtu anavyoacha sufuria. Ni baiskeli ya kulalia: unakaa chini kwenye kiti kilichoegama, miguu inakwenda mbele, na pedali ziko mwishoni mwa bomba refu linaloelekea unakokwenda. Niliiweka uani bila kujua nitaifanyia nini, mpaka papa alipojikokota nje siku moja, akajilaza juu yake, akanyoosha mguu na kugundua kwamba nyonga haimuumi. Ukisukuma mbele, nyonga haibebi kitu. Ndani ya juma moja alikuwa anazunguka mtaa wetu wote wa Mapendo, na watu wanamcheka: "Muzee ametoka na kitanda yake!" Alipenda utani ule kuliko uji.

Ndipo habari zikaja kutoka Lac Vert. Karakana moja ya useremala inayotengeneza chukudu ilikuwa inatafuta mzee wa kufundisha kuchonga magurudumu na kuyaweka sawa. Mwenye karakana alimjua papa tangu zamani. Alitoa sharti moja tu: kazi inaanza Jumatatu, na papa afike mwenyewe kila asubuhi, maana hana mtu wa kumtuma kumchukua. Papa alinyoa ndevu siku hiyohiyo, na Jumatano tukatoka kuijaribu njia, mimi nyuma yake kwa pikipiki.

Sasa sikia ugonjwa wa baiskeli ile. Bomba la pedali linaingia ndani ya bomba kubwa la mwili, na linashikwa na pete ya chuma yenye bolti mbili. Kwenye tambarare lilitulia. Lakini mlimani, papa akikaza mguu, mnyororo ulilivuta bomba ndani kidogo kidogo: likiingia, mnyororo unalegea; ukilegea, unatoka; ukitoka, mguu unasukuma hewa na mzee anakwenda chini. Ndivyo ilivyokuwa Jumatano.

Alhamisi niliipeleka kwa fundi. Alikaza bolti mpaka chuma kikalia, akasema, "Mama, hii haitatembea tena hata kwa dawa." Nilichukua rangi yangu ya kucha, nyekundu, nikachora mstari pale bomba linapoingilia, ili nione likitembea. Papa akaigotesha baiskeli kwenye ukuta wa ua, akakaza mguu kwenye pedali mara tano. Mstari ukamezwa.

Ijumaa nilikata kopo la nyanya, nikazungusha bati lake juu ya bomba ili kujaza nafasi, nikalirudisha ndani. Nilipolichomoa kwa kazi hiyo niliona mafuta mengi mle, nikayapangusa vizuri kwa kitambaa cha kushonea. Jioni lilishika. Nililala nikimshukuru Mungu. Jumamosi asubuhi papa akajaribu tena, na mstari ukamezwa, na bati likatoka limejikunja, linang'aa kwa mafuta. Nilisimama pale nikiona kitu cha uchawi. Nimeyapangusa mafuta kwa mikono yangu, na yamerudi. Nikafikiri labda chuma cha wazungu kinatoka jasho.

Papa alikuwa amekaa mlangoni. Aliuliza tu, "Jumatatu ni kesho kutwa, sivyo?"

"Ndiyo, papa."

"Aya."

Nilipangusa tena, nikakaza tena, nikachora mstari mpya.

Jumapili niliamka mapema kujiandaa kwenda misa. Nikasikia chuma kikigongana uani. Nilichungulia dirishani nikamwona papa amekaa chini karibu na baiskeli, fimbo zake kando. Bolti alikuwa amezilegeza. Bomba alikuwa amelichomoa na kulilaza mapajani, na kwa vidole viwili alikuwa analipaka grisi kutoka kwenye kopo lake la zamani, lile alilokuwa akitembea nalo chini ya viazi. Alipaka taratibu, kila upande, kama mtu anayempaka mtoto mafuta baada ya kuoga. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimetafuta uchawi.

Nilitoka na gauni la kulalia. Nasema ukweli, sikumwamkia hata shikamoo.

"Papa, unafanya nini?"

"Naipaka mafuta. Kila siku naipaka mbele muamuke. Chuma yenye kukauka inakulaka mwenye nayo."

"Kila siku?"

"Tangu siku ya kwanza. Nani mwingine ataipaka?"

"Papa, ni wewe! Ni wewe unajiangusha! Fundi anakaza, miye napangusa, na weye unapaka mafuta bomba iteleze vizuri ikutupe chini ya lori!"

Nilipiga kelele mpaka jirani akafungua dirisha. Papa alitazama vidole vyake vyeusi. Hakuna mtu wa chukudu anayetoka asubuhi bila kupaka grisi kwenye kitovu cha gurudumu. Mbao na chuma vikisuguana vikavu, moto unawaka, na wanaume wamekufa kwa hilo kwenye mteremko wa Kibumba. Hiyo ndiyo elimu yake. Katika nyumba ile ambamo mimi nilikuwa namfulia, nampikia na kumshika mkono, kupaka grisi kulikuwa kitu pekee alichobaki akikijua kunishinda. Nami nilikuwa nimemwambia hadharani kwamba kitu hicho ndicho kinachomwua. Nilitamani kuyarudisha maneno yangu kinywani. Sikwenda misa. Nilikaa kwenye ngazi, kichwa mikononi.

Papa aliligeuza bomba mapajani mara mbili tatu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayehesabu kitu moyoni:

"Hii bomba, inapashwa kuzunguka?"

"Hapana, papa. Inapashwa kusimama."

"Haizunguke hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akatikisa kichwa. "Basi haiko gurudumu. Iko fasi ya goti, pale goti inakaaka." Akanitazama usoni, mimi binti yake, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. "Ku chukudu, fasi ya goti hatupakake mafuta hata siku moja. Ukipaka, umekufa. Mvua ikinyesha tunatupa vumbi pale, goti ishike. Mama, leta sabuni. Na leta ile uchafu yenye unafagiaka kila siku."

Anayeishi Goma anajua uchafu huo. Ni vumbi jeusi la volkano, linaloingia kwenye uji, kwenye shuka, kwenye cherehani yangu, na ambalo nimelitukana tangu nikiwa msichana. Nilifagia kona ya ua nikamletea beseni zima. Tuliosha bomba kwa petroli, halafu kwa sabuni, halafu kwa petroli tena, ndani na nje, mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Papa alichunga vumbi kwa chujio langu la chai. Lililobaki kwenye chujio alilimwaga. Lile laini alilipaka juu ya bomba lililokauka kwa viganja vyote viwili. Lilipoingia lilikwaruza. Meno yangu yaliuma kusikia.

"Njo vile," papa akasema. "Inakataa kuingia. Itakataa na kutembea."

Alikaza bolti mwenyewe, si mpaka zilie. Nikachora mstari. Mara tano dhidi ya ukuta, mara kumi. Mstari haukutikisika. Lakini ukuta si mlima, na sote tulilijua hilo.

Jumatatu alikataa nimfuate. "Mutu haendake kazi na mutoto wake nyuma," akasema, akaondoka barabara ikiwa bado na ukungu. Niliingia chumbani kwake kutandika kitanda. Nilipoinua mto, pahali alipoliweka kopo la grisi Jumapili jioni palikuwa patupu.

Niliangalia chini ya kitanda. Niliangalia uani, kwenye beseni, nyuma ya mlango. Halikuwepo. Nikawaza jambo moja tu. Alikuwa ameamka kabla yangu, kama kila siku, na mkono wake ulikuwa umefanya kile ulichokizoea maisha yote. Nilikimbilia barabarani na kanga moja, nikasimamisha pikipiki ya kwanza, nikamwambia dereva Lac Vert, upesi, kama una mama.

Nilimwona kwenye mlima ule ule. Nyuma yake lori lilikuwa linapanda likiunguruma, karibu mno. Nilitaka kumwita, nikajiziba mdomo kwa kanga, maana akigeuka ataanguka. Dereva wangu akapunguza mwendo bila kuambiwa. Niliuona mguu wake wa kulia ukikaza, ukikaza, na nikasubiri ule mguu usukume hewa. Nilihesabu. Nilisali vibaya, nikichanganya mwanzo na mwisho. Kisha kichwa chake kikafika juu, kikapotea upande wa pili, na lori likamfuata.

Kwenye karakana nilikuta baiskeli imeegemezwa kwenye rundo la mbao. Niliinama kwanza pale kabla ya kumtafuta mtu. Mstari wangu mwekundu ulikuwa mahali pake, na bomba limekauka, lina vumbi.

Papa alikuwa ndani, amekaa kwenye gogo, gurudumu la mbao mapajani, wanaume watatu wamemzunguka. Kopo la grisi lilikuwa wazi miguuni pake. Alikuwa anawaonyesha kitovu cha gurudumu, vidole viwili vyeusi, taratibu, kila upande. Aliponiona mlangoni na kanga moja, nalia kama mtoto, hakusimamisha mkono.

"Hapa njo fasi yake, mama," akasema. "Sasa rudia nyumba. Niko kazini."