Turubai la Jiko la Mama

Aliyeanza kukisimulia kisa hiki ni dada yangu, kwenye futari ya Ramadhani iliyopita, mbele ya ukoo mzima. Kabla ya mvua za vuli tuliingia naye duka moja la Korogwe, nikitafuta turubai la kukinga jiko la kuni la mama, lililo uani kule Kwaluguru.

"Mvua ya kwenu inapigia upande gani?" muuzaji aliuliza.

"Mashariki," nilijibu upesi.

"Na mama ana kimo gani? Likifungwa chini, moshi utamtesa."

Niliweka kiganja begani kwangu, kisha nikakishusha kidogo.

Dada akaniangalia. "Kaka, si wewe mwenye daftari la ukoo? Mwaka aliohamia babu unaujua, mvua ya jikoni kwa mama huijui? Ngoja nimpigie."

"Hakuna haja," nikasema, na kumwambia muuzaji akate.

Nililifunga kwa mikono yangu. Mama alishukuru, basi. Mvua ilipokuja ilitoka magharibi, na dada alimkuta ameinama chini ya turubai, mgongo umelowa, anasonga bada, ugali wa muhogo.

Pale kwenye futari ndugu walicheka hadi wakapaliwa na tende. Mimi nilitazama sahani yangu. Daftari lile nimelijaza marehemu, na aliye hai sikuwahi kumwuliza hata anasimamaje anapopika.

Kesho yake nilikwenda kulihamisha turubai. Mama alikataa, eti amekwisha kulizoea.

Sote watatu tungali hai, na mama bado anawaambia wageni kwamba mwanawe amemsitiri.