Miguu Baridi ya Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu alikuwa na mikono ya moto na miguu ya baridi, na kwa ajili ya miguu hiyo alipigwa fimbo. Naanzia hapo, maana hasira yangu nayo inaanzia hapo.

Tulirudi Kigali kutoka ukimbizini mwishoni mwa mwaka 1994, vita ilipokwisha, mimi na yeye tu. Mama yake, binti yangu, alibaki Bujumbura kumalizia kuuza vitenge vyake sokoni. Mtoto alikuwa msichana wa miaka tisa, mrefu, mabega mapana, mzuri jamani, wala sifichi. Kule Bujumbura mtaa wetu ni tambarare, anatoka nyumbani anaingia shule bila kupanda hata ngazi. Akiumwa kichwa, zahanati wanampa aspirini. Akitoka damu puani, wanampa dawa ya minyoo. Usiku miguu yake ikinigusa ni kama samaki aliyetoka majini sasa hivi, namsugua samli, namvika soksi, tunalala.

Kigali ndiyo iliyomfichua. Tulipata chumba mtaa wa Remera, bondeni, na shule iko juu ya kilima. Kila asubuhi anafika nusu ya njia, anakaa juu ya jiwe, ameshika mapaja.

"Bibi, miguu inawaka. Haitaki."

Jirani yangu, mwanamke aliyerudi kutoka Uganda, alikuwa anatutazama mlangoni kwake kama mtu anayetazama mpira.

"Nyinyi wa Burundi mnalea watoto kama mayai," akaniambia. "Huyo si mgonjwa, ni mvivu. Mtwike jerikani uone."

"Mtwike wa kwako. Wangu namheka, namfunga kitenge mgongoni."

"Utamheka mpaka aolewe?"

"Nitamheka mpaka kwa mumewe, na wewe utakuja kutupikia!"

Watu wakacheka, hata yeye. Mwalimu wake shuleni hakucheka. Siku moja mtoto alirudi na mistari ya fimbo kwenye mashavu ya miguu, myekundu, imevimba. Eti amechelewa tena, eti amekaa njiani kwa makusudi. Sikulia. Nilimfunga mgongoni, mtoto mkubwa vile, miguu inaning'inia mpaka magotini kwangu, nikaenda kwa wazungu waliokuwa wamepiga hema la matibabu karibu na uwanja wa mpira.

Daktari alikuwa mwanaume mwenye ndevu nyekundu. Alimfunga mtoto kipimo cha presha mkononi, akapampu, akakunja uso. Akahamia mkono wa pili. Muuguzi, msichana wa kwetu anayejua Kiswahili, akaniita mukecuru, kama tunavyowaita wanawake wazee: "Presha iko juu sana, mukecuru."

"Presha ya mtoto? Presha ni ya sisi wanene."

Ndipo yule daktari, bila neno moja, akashusha nguo ya mtoto na kutia vidole kwenye kinena. Msichana wa miaka tisa! Nilimpiga mkono ule kofi lililosikika hema zima.

"Unatafuta nini hapo? Moyo uko juu!"

Nikamfunga mtoto kitenge, nikatoka. Na mpaka leo sijutii. Mtu mzima ana mdomo, autumie.

Muuguzi akatukimbilia nje. "Mukecuru, ngoja. Hakukusudia vibaya. Amefanya kama bubu tu."

"Bubu aende kwa mabubu wenzake!"

"Basi nipe mkono wako wewe."

Akatupeleka nyuma ya hema, akatundika shuka tusionekane. Akanishika vidole, akaviweka kwenye kinena changu mwenyewe, juu ya nguo. Kitu kilikuwa kinagonga pale, dup, dup, mimi mzee nimezaa watoto na sikuwahi kujua kipo. Kisha akaniambia nimguse mtoto pale pale. Nikabonyeza. Nikangoja. Kimya. Nikashika kifundo cha mkono wake, damu inaruka kama inataka kutoka.

"Mshipa mkubwa unaotoka moyoni kwenda chini," akasema, "umebanwa, kama mtu amefunga kamba katikati ya mfuko wa maharage. Juu kumejaa, chini hakufiki kitu. Ndiyo maana miguu ni baridi, na kichwa kinauma."

"Nani kamfunga?"

"Hakuna mtu. Amezaliwa hivyo."

Jibu lile ndilo lililoniuma kuliko yote. Nilikuwa tayari kwa jina la mtu. Ningeenda kwake siku ile ile, ningemvunjia mlango. Hakuna mtu! Utamtukana nani?

Akasema mshipa usipofunguliwa, presha itachosha moyo, au itapasua mshipa kichwani. Hapa hawawezi, Nairobi wanaweza, na wao watampeleka. Watampasua ubavuni kuelekea mgongoni. Mgongo ule niliouogesha tangu ana kitovu kibichi.

"Mwambie ndevu nyekundu," nikasema, "aje aniambie mwenyewe, kitu kimoja kimoja, kabla hajamgusa tena."

Akaja. Akakaa chini kwenye majani, akasema yote, muuguzi anatafsiri. Nikauliza kama mtoto anaweza kufia kule. Akasema ndiyo, anaweza, ila akibaki hivi ni hatari zaidi. Sikumpenda, lakini hakunidanganya. Kwa simu yao ya hapo hemani nikampigia binti yangu Bujumbura. Akalia, akasema, "Mama, wewe ndiye uko naye." Nikakubali.

Kabla hawajampeleka Nairobi nilipanda kile kilima na mtoto mgongoni, nikaingia darasani bila hodi. Nikamkalisha juu ya meza ya mwalimu, nikamvua soksi.

"Mwalimu, leta mkono. Shika mguu huu."

"Mukecuru, tuna kipindi hapa..."

"Shika!"

Akashika. Nikaona anashtuka kwa ile baridi.

"Hapo ndipo ulipopiga," nikamwambia. "Mguu usio na damu, wewe ukaupiga utembee."

Nikamvika mtoto soksi, nikamfunga mgongoni. Nikatoka bila kuaga.

Mtoto akaenda Nairobi, akarudi na kovu refu limezunguka bega kwa nyuma. Usiku wa kwanza miguu yake iligusa yangu, nikaamka nikidhani kuna mtu mwingine kitandani. Ilikuwa ya moto.

Alipopona kabisa tulipanda kilima pamoja, yeye mbele. Mimi pumzi ikaniishia, nikakaa juu ya jiwe lake lile lile. Akageuka juu kule, mikono kiunoni.

"Bibi, inuka! Mvivu wewe!"

Nilimfokea. Neno lile silitaki nyumbani kwangu, hata kwa mzaha, hata kutoka kwake. Akashuka kunipa mkono, halafu akapanda tena akikimbia.