Pasi ya Fundi Cherehani

Enzi za Mwingereza, fundi cherehani wetu wa Iguguno alipowasha pasi ya mkaa alianza na magoti yake, ndipo zifuate nguo za watu. Alitandika kitambaa chenye maji juu ya goti lililovimba, akapitisha pasi polepole akiguna, “Haya, amka, kazi inangoja.” Jumamosi moja makaa yalikuwa yanaisha, ameshika shati langu la kanisani, akaingia bibi mmoja, vidole vimekakamaa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Siku ya tatu leo nafungwa kilemba na mjukuu.”

Fundi akaweka shati kando. “Leta mikono.” Akaikanda kwa kitambaa chenye maji na pasi mpaka makaa yakawa majivu. Kesho yake niliimba kwaya na shati lenye makunyanzi, nimenuna, mpaka nilipomwona bibi: kilemba kimekaa upande, amekifunga mwenyewe.